Injini Iliyogoma Kupata Joto

Vijana wangu mnaoshika spana leo, kila mkinitembelea huku Lisekese mnaniuliza jambo lilelile: Babu, gari linachemsha, tufanyeje? Sijawahi kusikia hata mmoja wenu akiniuliza habari za gari linalokataa kupata joto. Najua mnacheka. Hata mimi ningecheka, kama nisingelishika kwa mikono yangu.

Nilikaa gereji pale Masasi, karibu na stendi, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka zikawa hizi mnazozitania. Sasa spana nimewaachia ninyi, mimi nimerudi kwenye mikorosho. Mke wangu anadai mpaka leo ugali nikiugusa unanuka oili. Nimeona mengi katika kazi ile, na mengine hata sitawaambia, mtaniona muongo. Lakini likitajwa neno maajabu, mawazo yangu yanakwenda moja kwa moja kwenye gari moja la turbo lililoletwa kuishi Newala, na mama mmoja aliyekuwa akitetemeka ndani yake.

Kwanza mjue tulikotoka, maana bila hivyo mtatuona wajinga. Sisi mafundi wa huku tulilelewa kwa hofu ya moto. Anayetoka Masasi kwenda Newala anapanda mlima wa kweli, na akifika juu maji ni ya kutafuta. Malori ya korosho ya wakati ule yalikuwa yakipanda huku yanafuka mvuke, tingo anaruka chini na jiwe la kuzuia gurudumu, dereva anakimbia na kopo kuomba maji kwenye nyumba za watu. Hebu fikiria: unamwomba mama maji ya kumnywesha lori, na yeye ameyapandisha kutoka bondeni kwa kichwa tangu alfajiri! Majibu waliyokuwa wanapewa madereva siwezi kuyaandika hapa.

Dereva mmoja, jina lake naliacha kwa sababu wajukuu zake wapo, alikosa maji kabisa msimu wa mabibo. Akachukua dumu la uraka, pombe ile ya mabibo, akalimimina lote kwenye rejeta. Lori likapanda! Ila mvuke wake ulikuwa unanukia njia nzima, na kila kijiji watu walitoka nje kuuliza sherehe iko wapi. Siku niliyoifungua injini ile nililewa bila kunywa.

Kwa hiyo tukawa na desturi yetu. Gari geni likiletwa kuishi Newala, halipandi hivihivi. Linapelekwa kwanza kwa fundi ‘kuandaliwa mlima’. Feni ya rejeta inaungwa waya wa moja kwa moja, izunguke muda wote ufunguo unapowashwa. Halafu themostati inatolewa. Kwa mnaoanza kazi, themostati ni kivalvu kidogo kinachokaa mlangoni mwa maji ya injini. Injini ikiwa baridi, kinafunga, maji yanabaki ndani yapate moto. Yakishapata moto wa kutosha, kinafungua, maji yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Sisi tulikiona kama mchawi, kwa sababu kikiharibika kikiwa kimefunga, injini inaungua. Basi dawa ikawa kukitoa kabisa, mlango ubaki wazi siku zote.

Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa Myao, mzee ambaye wote tulimwita Ambuje, yaani babu, kwa heshima. Ambuje alikuwa akizirusha themostati juu ya paa la gereji. Zilikaa huko kwa miaka, na upepo ukivuma tulizisikia zikibingirika kwenye mabati. Pamoja na hayo, sijaona mpaka leo mtu mwenye mikono kama yake. Alikuwa akigusa mpira wa rejeta kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyogusa shingo ya mtoto mwenye homa, kisha anakutajia ugonjwa. Nilimwona akiijua gasketi iliyoungua kwa kugusa tu, kabla boneti haijafunguka vizuri. “Usitumie kiganja,” alituambia, “kiganja cha fundi kina sugu, kinadanganya.” Alikuwa akisema hivyo na mimi mwili unanisisimka, maana kila tulipofungua tulikuta alichosema.

Sasa gari lenyewe. Aliyelileta ni Mwalimu Nalinga, mstaafu wa Newala, mtu mpole anayepima maneno kabla ya kuyatoa. Lilikuwa gari la kijana wake Edmundi, anayefanya kazi migodini kule Kanda ya Ziwa. Gari la mbio, la chini, lenye mdomo mpana juu ya boneti wa kuivutia turbo hewa. Hata likiwa limezimwa lilikaa kama linataka kuondoka. Mafundi wote wa jirani waliacha kazi zao wakaja kulizunguka. Edmundi alikuwa amelileta na kuwaachia wazazi baada ya mama yake kuugua, wasihangaike na usafiri.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, Fundi. Gari hili lina sifa moja kubwa. Halichemshi kabisa. Nimepanda nalo mlima mchana wa jua kali, mshale wa joto haukunyanyuka.”

Mafundi wote wakaitikia kwa kuguna. Kwetu hiyo ilikuwa sifa ya kuozeshwa mke.

“Ila linakunywa mafuta kupita lori,” akaendelea, “na linakohoa. Kijana wangu akilikanyaga lilikuwa linaruka. Mimi nikilikanyaga, linafikiri kwanza.”

Nikamuuliza habari za nyumbani, kwa desturi tu. Akanivuta pembeni. Akaniambia nyumbani kuna shida nyingine, isiyohusiana na gari. Mkewe, Mama Edmundi, alipata kiharusi kikamwachia mkono wa kushoto umefumba. Kila wiki alitakiwa ateremshwe Ndanda hospitali kwa mazoezi ya viungo. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amewaeleza waziwazi kwamba miezi ile ya mwanzo ndiyo mkono unaweza kurudishwa, na wakiiacha ipite bure unaweza kubaki hivyo. Na Mama Edmundi alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake vilijulikana mpaka huku kwetu, mke wangu anacho kimoja. Mfinyanzi wa mkono mmoja ataanzia wapi?

“Sasa amegoma, Fundi,” Mwalimu akasema. “Wiki iliyopita amekataa kupanda gari. Hii pia. Nimembembeleza mpaka nimechoka. Nadhani amekata tamaa.”

Aligeuka kutazama barabarani ili nisimwone uso. Nilimpa pole, nikasema tutamwomba Mungu. Mambo ya mtu na mkewe nikayaweka kando, nikarudi kwenye gari.

Nilitoa plagi, nikakuta nyeusi, zina masizi kama sufuria ya kuni. Nikachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa juu ya alama wakati hakuna aliyeiongeza, na ilinuka petroli. Hapo msikilize vizuri, kwa sababu oili inayoongezeka yenyewe ni habari mbaya. Maana yake petroli isiyoungua inateremka pembeni mwa pistoni na kuchanganyika na oili, na oili iliyochanganyika na petroli haiwezi kulinda chuma. Injini ile nzuri ilikuwa inajisaga kidogokidogo, huku watu wanaisifia.

Nikachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Joto la maji: hamsini na kitu. Nikaitoa, nikaifuta, nikaichomeka tena. Hamsini na kitu. Gari lilikuwa limeingia gerejini muda uleule, limetoka Newala bila kupumzika. Injini ya namna ile inatakiwa ivuke themanini. Nikadhani sensa, kile kihisio cha joto la maji, inadanganya, na hapo ndipo wengi wenu mngekimbilia dukani kununua sensa mpya. Msinunue kitu kabla ya kukikamata kwa ushahidi. Nilichukua kile kipimajoto cha kufyatua chenye kitone chekundu, kinachopima bila kugusa, nikalenga chuma chenyewe pale maji yanapotokea. Jibu lilikuwa lilelile. Kisha nikaweka mgongo wa mkono, kama Ambuje alivyonifundisha, na sikuhitaji kuuondoa. Ulikuwa uvuguvugu wa maji ya kuogea.

Nawaambia nilisimama pale nimeduwaa. Nilikuwa nimeshaungua mikono yote miwili kwa injini, mapaja, hata sikio, msiniulize ilikuwaje. Sikuwahi kukutana na injini niliyoweza kuikumbatia.

Nilivyozidi kusoma kwenye mashine ndivyo nilivyozidi kushangaa. Kompyuta ya gari lile ilikuwa inaamini kwamba bado ni alfajiri. Injini ikiamka baridi, kompyuta inaimiminia petroli ya ziada, inapandisha sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, na inaibania turbo isitoe nguvu yote, maana chuma baridi hakitaki kukimbizwa. Ikishapata joto, inaachia. Ile yetu haikuachia, kwa sababu joto halikufika. Safari nzima kutoka Newala ilikuwa inamlinda Mwalimu kwa uaminifu, inasubiri asubuhi ipite. Niliionea huruma, na niliiheshimu.

Nikaangalia feni. Imeungwa moja kwa moja! Nikafurahi, nikajua nimemaliza. Nikairudishia swichi yake, Mwalimu akaondoka anatabasamu. Baada ya siku chache akarudi.

“Mjini mshale unapanda kidogo,” akasema. “Nikianza kuteremka mlima, unalala tena.”

Safari hii alikuwa na Mama Edmundi. Walikuwa wamekuja Masasi kwa msiba wa ndugu, na msiba haukataliwi, ndiyo maana alikubali kupanda gari. Nilipomfungulia mlango nilistuka. Jua la Masasi mnalijua. Yeye alikuwa amejifunga kitenge juu ya kitenge, na blanketi juu yake, na mkono ule wa kushoto ameukumbatia kifuani kwa mkono wa kulia.

“Shikamoo, Mama Edmundi. Una homa?”

“Marahaba.” Maneno yalimtoka polepole, upande mmoja wa mdomo ulikuwa mzito. “Sina homa, Fundi. Nina gari.”

Nilicheka. Yeye hakucheka.

“Edmundi akiendesha,” akasema, “hapa chini miguuni inatoka hewa ya moto. Mwalimu akiendesha inatoka ya baridi. Asubuhi ya Newala unaijua. Nikifika Ndanda mkono umekuwa jiwe. Yule dada wa mazoezi anamaliza muda wote kuufungua vidole. Naumia mpaka nalia. Muda umekwisha, narudi. Wiki nyingine hivyohivyo. Sasa naenda kufanya nini?”

Mwalimu alikuwa amesimama upande wa pili wa gari. “Mbona hukuniambia?”

“Nilikuambia nasikia baridi. Ukaniletea blanketi.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Hita ya gari haina moto wake. Inachukua maji ya moto ya injini, inayapitisha kwenye rejeta ndogo iliyojificha ndani ya dashibodi, na hewa inayopita hapo ndiyo inayofika miguuni mwako. Injini ikiwa baridi, hita inakupulizia baridi. Mwalimu aliniletea shida mbili, nami nilipokea moja na nyingine nikaiombea dua, kumbe zote mbili ni ugonjwa mmoja. Na nani kati yetu angelijua? Masasi nani anawasha hita? Katika maisha yangu yote gerejini hakuna mteja aliyewahi kusema hita yake haifanyi kazi. Wengi wanadhani kile kitufe chekundu ni pambo.

Nilimwomba Mwalimu anipokee kwake. Injini ya namna hii huwezi kuipima ikiwa imeshatembea, lazima uikute imelala. Nikapanda Newala, nikalala kwao, nikaomba mtu yeyote asiguse ufunguo.

Asubuhi ilikuwa ya kipupwe chenyewe. Ukungu umejaa bonde lote la Ruvuma chini yetu, mweupe mpaka ng’ambo, na sisi tumesimama ukingoni kama watu waliobakizwa. Pumzi zetu zilionekana. Nimezaliwa huku chini na bado mahali pale pananinyamazisha. Niliwasha gari, nikaweka mgongo wa mkono kwenye mpira wa juu wa rejeta, nikasubiri.

Jifunzeni jambo hili, halina gharama. Themostati ikiwa nzima, mpira ule unabaki baridi muda mrefu huku injini inapata moto, halafu ghafla unakuchoma, maana mlango umefunguka. Mpira wa gari la Edmundi ulianza kupata uvuguvugu pamoja na injini, taratibu, tangu mwanzo. Hakuna kilichozuia maji.

Nikazima, nikasubiri, nikafungua nyumba ya themostati. Kwa mbali ungesema ipo. Nilipoitoa ilikuwa pete tupu. Mtu alikuwa ameikata utumbo wote, akabakiza pete ya nje ili mpira wa kuzuia maji ukae vizuri. Kazi safi, ya fundi mzuri. Niliinyanyua juu, tukaonana na Mwalimu kupitia tundu lake.

Mwalimu akakaa kwenye kizingiti. “Ni mimi,” akasema. “Edmundi alipolileta, nilimpelekea fundi wa hapa aliandae mlima. Niliogopa litaungua. Nilitaka limtunze mama yake.”

Mimi nilijifanya natafuta spana. Kisha nikasikia Mama Edmundi anacheka, kicheko cha upande mmoja, cha kwanza kukisikia kutoka kwake.

“Mwalimu,” akasema, “umelipenda gari mpaka likapata baridi.” Akaomba ile pete, akaishika kwa mkono wake mzima, akaigeuzageuza. “Na vyungu ndivyo vilivyo. Msichana anayejifunza anaogopa moto, anakitoa mapema kisije kikapasuka. Kwa macho kimeiva. Tia maji sasa. Kinalegea chote.”

Mwalimu alimtazama mkewe, na niliona kwamba alikuwa amemkumbuka yule mfinyanzi wa kabla ya kiharusi.

Themostati mpya iliagizwa Dar es Salaam, ikaja na basi. Kabla haijafika vijana wa Newala waliniletea za magari mengine, zinaingia vizuri kabisa. Nilizikataa. Angalieni namba iliyochongwa kwenye chuma chake, hiyo ndiyo inayosema itafungua kwa joto gani. Kuingia peke yake hakutoshi. Na hata mpya iliyotoka kwenye boksi, usiifunge kabla hujaiona ikifanya kazi. Boksi halina dhamana ya mtu.

Kwa hiyo nilimwomba Mama Edmundi sufuria, jiko na maji. Kuomba maji Newala, mnajua, ni kama kuomba mkono wa binti. Akanipimia kutoka kwenye tangi lao la mvua, akasema, “Ukimaliza usiyamwage. Nina vyombo vya kuosha.” Nikaining’iniza themostati kwa uzi, isiguse chini ya sufuria, maana chini pana moto kuliko maji. Nikatumbukiza kipimajoto. Mama Edmundi akasogezewa kiti, Mwalimu akachuchumaa na miwani yake, nami nikapuliza mkaa.

Maji yalipata uvuguvugu, hakuna kitu. Yakaanza kutoa vipovu pembeni, hakuna kitu. Sabini, kimya. Mwalimu akaniangalia kwa wasiwasi. Mshale wa kipimo ulipopita themanini kidogo, kile kichuma kikaanza kufunguka. Polepole, bila sauti, kikajisukuma chenyewe mpaka tukaona ng’ambo.

“Nani anakisukuma?” Mwalimu akauliza. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama tuko kanisani.

Nikawaambia. Ndani ya kile kichuma hakuna waya, hakuna betri, hakuna kompyuta. Kuna nta. Nta kidogo tu, iliyofungiwa kwenye kikopo cha shaba. Ikifika kiwango chake cha joto inayeyuka, inavimba, inasukuma mlango. Ikipoa inaganda, inanywea, mlango unarudi. Ndiyo yote. Mwili unasisimka hata sasa ninapoandika. Maishani nilikuwa nimezishika nyingi mno zikiwa zimekufa au zinaelekea paani kwa Ambuje, lakini sikuwahi kukaa nikaitazama moja ikifanya kazi yake. Kitu cha kujaa kwenye kiganja, na turbo yote ile, na kompyuta yote ile, vinasubiri ruhusa yake.

“Rudia,” Mama Edmundi akasema.

Nikaitoa, ikapoa, ikajifunga. Nikairudisha, ikafunguka palepale. Akasema rudia tena. Tulirudia mpaka mkaa ukaisha, na sioni aibu kusema kwamba machozi yalinilengalenga.

Nikaifunga. Mkiifunga ninyi, upande wa springi unaangalia injini, na kile kitundu kidogo cha kutolea hewa kikae juu. Baada ya kujaza maji, gari mlitoe hewa. Pandisha pua ya gari kwenye mwinuko, washa hita mpaka mwisho, acha kifuniko wazi, subiri vipovu viishe. Usiposubiri, hewa itakaa kwenye hita na utasema dawa haikufaa. Nikabadilisha na oili, maana ile ya kwanza ilishageuka nusu petroli. Nikaweka na plagi mpya.

Siku ya Ndanda ilipofika, Mwalimu aliniomba niwasindikize. Mama Edmundi alikubali kupanda kwa sharti. “Nikisikia baridi kabla ya Masasi,” alisema, “mnigeuze.” Akakaa mbele, na vitenge vyake vyote. Mimi nikakaa nyuma, macho kwenye mshale.

Mshale ulinyanyuka. Ukafika katikati, ukakaa. Mwalimu akaendesha kama amebeba mayai, na sote tulijua tunasubiri nini. Tukafika kwenye mteremko, mahali ambapo ulikuwa unalala siku zote, kwa sababu mguu unatoka kwenye mafuta na upepo wa baridi unaipiga rejeta. Kona ya kwanza, mshale haujatikisika. Kona ya pili. Ukungu ulikuwa unapita dirishani, nje kulikuwa na baridi ya kuuma meno, na ndani ya chuma kile nta kidogo ilikuwa inafungua na kufunga, inafungua na kufunga, bila kukosea. Nilijikuta naomba kwa sauti. Mwalimu akasema amina bila kujua ninaomba nini.

Mama Edmundi akaondoa blanketi. Baada ya kona chache akaondoa kitenge cha juu.

Tulipovuka Masasi, kwenye lami iliyonyooka, milima ya mawe imesimama pande zote, nikamwambia Mwalimu akanyage kidogo. Akakanyaga. Turbo ikapiga mluzi, viti vikatusukuma mgongoni, na gari lile ambalo miezi yote lilikuwa likifikiri kwanza likaondoka. “Mungu wangu!” Mwalimu akatoa mguu haraka.

“Edmundi hakuwa anatoa mguu,” mkewe akasema.

Ndanda nilibaki nje kwenye gari. Sikutaka kuingia mahali pa watu wanaoumia, nami sina kazi. Nilifungua boneti, nikaifunga, nikaifungua tena. Nilikuwa na hofu kuliko siku nyingine yoyote ya kazi yangu, kwa sababu injini nilikuwa nimeshaijua, lakini mkono wa mtu sikuujua. Joto lingeweza kufika miguuni na bado mkono ukabaki ngumi.

Walitoka wakati jua limeshapanda. Mwalimu alikuwa mbele, anatembea haraka, anataka kuniambia na hawezi. Nyuma yake Mama Edmundi alikuwa ameshikwa bega na yule dada wa mazoezi. Mkono wa kushoto hakuwa ameukumbatia. Aliuweka mbele yake, kiganja juu, vidole vimelegea, viwili vimenyooka, na alikuwa akiutazama huku anatembea, kama mtu aliyepewa kitu asichokitarajia.

Dada yule akatuambia leo wamepata muda wa kufanya mazoezi yenyewe, kwa mara ya kwanza. Kidole gumba kimejibu. Akasema safari bado ndefu, na tusije tukaruka wiki.

Mwalimu akakimbia kumfungulia mkewe mlango. Mama Edmundi akakaa, akajiweka sawa, akamwangalia mumewe aliyesimama na mlango mkononi.

“Leo tumechelewa,” akamwambia. “Wiki ijayo tutoke mapema.”